Stabilaiza kwenye bwawa la nyumbani: kuipima, kuiweka na kuizuia isizidi

Weka HTH, ile klorini ya unga, kwenye bwawa la uani saa mbili asubuhi, pima klorini, upate 3. Rudi saa nane mchana upime tena: karibu sifuri. Hakuna aliyeogelea, maji hayajabadilika rangi, pampu imeunguruma muda wote. Mwenye nyumba anamuuliza kijana wa bwawa, "Kweli klorini uliweka?" Kijana anaapa, "Haki ya Mungu mama, niliweka, kopo lenyewe hilo hapo." Mara nyingi kijana anasema kweli. Klorini imeliwa na jua.

Bwawa la nje Mombasa, Diani, Dar es Salaam au Zanzibar linapigwa na jua la utosi karibu mwaka mzima, na klorini isiyo na kinga haina ubavu mbele ya miale ya UV. Jua la mchana linaweza kumaliza nusu yake kabla saa moja haijaisha. Nairobi na Arusha nao wasijidanganye na baridi, maana ukipanda juu UV inazidi ukali. Dawa ya tatizo hili ni stabilaiza, yaani asidi ya sayanuriki. Ni chembechembe nyeupe zinazouzwa kwa ndoo, na lebo inaweza kusema Cyanuric Acid, Stabilizer au Conditioner. Vyote ni kitu kilekile. Haiui vijidudu, haiondoi mwani, haing'arishi maji. Inaikinga klorini tu.

Ina tabia moja ya kuzingatia kabla hujafungua ndoo: ikishaingia, haitoki kirahisi. Maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki, na filta ya mchanga haiikamati. Inaondoka pale maji yenyewe yanapoondoka: kwa bekiwoshi (kuosha filta kwa kugeuza mkondo wa maji), mvua inayofurisha bwawa, watoto wanaorusha maji nje, au bomba linalovuja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima. Kumwaga ni kazi ndogo.

Inaikinga klorini vipi

Stabilaiza inaishika sehemu kubwa ya klorini, kisha inaiachia kidogokidogo kadiri ile iliyo huru inavyotumika. Chukua mfano wa duka la rejareja: mzigo mwingi uko stoo, kaunta ina vitu vichache, na kinachouzwa hujazwa kutoka nyuma. Jua linaharibu zaidi kilichoko kaunta. Ila stoo ikiwa kubwa mno, kaunta inabaki karibu tupu, na mwani unaota huku kipimo kikikuambia klorini ipo.

Kwa hiyo namba ya klorini peke yake haikuambii kitu mpaka ujue namba ya stabilaiza. Kanuni wanayoifuata watunza mabwawa wengi ni kwamba klorini isishuke chini ya asilimia 7.5 hivi ya stabilaiza. Stabilaiza ikiwa 40, klorini isipungue 3. Ikiwa 80, isipungue 6. Klorini ya 2 ambayo kila mtu anaiona "iko sawa" inatosheleza vizuri bwawa lenye stabilaiza kidogo, lakini kwenye bwawa lenye 100 ni dhaifu sana. Namba zote hapa ni miligramu kwa lita, zile ambazo vipimo huziandika ppm.

Kwa bwawa la nje la kawaida lenga kati ya 30 na 50. Kwa jua la pwani mimi naona 40 ndiyo mahali pazuri pa kukaa. Bwawa la chumvi, lile lenye mashine inayotengeneza klorini, huhitaji zaidi, kwa kawaida 60 hadi 80, lakini soma kitabu cha mashine yako kwanza. Bwawa lililo ndani ya jengo, lisilopigwa na jua, halihitaji hata chembe. Jakuzi vilevile, usiweke. Shirika la Afya Duniani limeweka 100 kuwa kikomo, nami nisingependa bwawa la nyumbani lisogelee huko.

Bwawa lako linatumia klorini gani?

Swali hili lije kabla ya kwenda dukani, kwa sababu huenda umekuwa ukiweka stabilaiza miaka yote bila kujua.

HTH na klorini nyingine za unga za jamii hiyo, zile za kalisiamu zenye asilimia 65 hadi 70, hazina stabilaiza. Klorini ya maji ya kwenye jerikeni haina pia. Bwawa linalotumia hizi tu, hasa likiwa limejazwa maji mapya, lina stabilaiza sifuri au karibu na hapo. Hilo ndilo bwawa linalohitaji ndoo.

TCCA 90, iwe ya unga au vidonge vikubwa vya gramu 200, ni habari nyingine. Zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ni asidi ya sayanuriki. Kidonge kimoja cha gramu 200 kikishayeyuka chote kinaacha takriban gramu 110 za stabilaiza ndani ya maji. Kwenye bwawa la mita za ujazo 45 hiyo ni nyongeza ya 2.5 hivi. Weka vidonge viwili kila wiki, na baada ya wiki sita umeongeza 30 bila kununua stabilaiza hata kidogo. Endelea hivyo mwaka mzima na utakuja kuuliza kwa nini maji yanakuwa kijani wakati klorini inaonekana. Daikloro, ile ya chembechembe inayoyeyuka haraka, ina tabia hiyohiyo, na kwa kila kipimo cha klorini inaacha stabilaiza nyingi kuliko TCCA.

Nikiingia nyumba ambayo sijui historia ya bwawa lake, naomba kwanza kuona stoo. Ndoo tupu za TCCA zilizopangwa ukutani, zinazotumika sasa kuchotea maji na kuwekea pini za nguo, zinasimulia mengi kabla sijatoa chupa ya kupimia.

Nani anakula klorini: jua au uchafu?

Klorini ikipotea haraka haimaanishi moja kwa moja kwamba stabilaiza haitoshi. Mwani mchanga usioonekana kwa macho, majani yaliyooza chini na mkojo wa watoto vyote vinaila. Ukimwaga stabilaiza kwenye bwawa lenye mwani umetupa pesa, na tatizo umeliacha palepale.

Mchunguzi wa bure ni usiku. Jua likishazama, weka klorini, acha pampu izungushe maji kwa saa moja, kisha pima klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikana na uchafu, na uandike. Asubuhi, kabla jua halijagusa maji, pima tena. Ikiwa imeshuka zaidi ya 1 usiku kucha, kuna kitu majini kinachoila. Piga brashi, toa majani, pandisha klorini na uishikilie juu mpaka usiku uwe mtulivu. Ikiwa usiku haikushuka au imeshuka kidogo tu, halafu mchana ikaporomoka, mshitakiwa ni jua. Hapo ndipo stabilaiza ina kazi.

Tumia kipimo cha rangi ya waridi, kinachoitwa DPD. Kile cha matone yanayogeuka manjano, ambacho kimejaa madukani, hupima klorini yote kwa jumla, pamoja na ile iliyokwisha kushikana na jasho na uchafu, kwa hiyo kitakupa matumaini yasiyo na msingi. Na ukikuta DPD inageuka waridi kisha rangi inapotea ghafla, klorini iko juu mno mpaka inaipausha dawa ya kipimo. Punguza sampuli kwa maji safi yasiyo na klorini, upime upya.

Kupima stabilaiza iliyomo

Ule mkebe wa kawaida wa rangi mbili, manjano kwa klorini na nyekundu kwa pH, haupimi stabilaiza. Unahitaji kipimo chake, na cha kuaminika kwa bei ya kawaida ni cha ukungu. Vijikaratasi vya kuchovya vinaweza kukuambia "ipo nyingi" au "haipo", ila visikupe namba ya kufanyia hesabu.

Kipimo cha ukungu kinatumia kimiminika chenye melamini. Chota maji ya bwawa kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu la kurudishia maji. Changanya maji na dawa nusu kwa nusu kwenye kichupa, tikisa kwa nusu dakika. Kama stabilaiza ipo, mchanganyiko unageuka mweupe wenye ukungu. Sasa chukua mrija wenye doa jeusi chini yake. Simama nje palipo na mwanga, jua likiwa mgongoni, mrija uushike usawa wa kiuno ukiwa ndani ya kivuli chako. Mimina polepole huku ukitazama kutoka juu. Doa litafifia, litabaki kivuli cha kijivu, kisha halionekani tena. Acha kumimina hapohapo na usome namba iliyo usawa wa maji.

Macho hudanganya hapa. Ukilikazia doa kwa muda mrefu utaendelea kuliona hata lisipokuwepo. Tupa jicho, angalia pembeni, tupa jicho tena. Rudisha mchanganyiko kwenye kichupa na urudie, au mpe mtu mwingine asome bila kumwambia wewe umepata ngapi. Tofauti ya 10 kati ya watu wawili ni ya kawaida na isikutie wasiwasi.

Mrija ukijaa juu kabisa na doa bado unaliona, stabilaiza yako ni ndogo kuliko namba ya chini kabisa kwenye mrija, mara nyingi 30 au 20. Doa likipotea mapema, kwenye alama ya 100, usiandike 100, kwa sababu inaweza kuwa 100 au 180. Changanya maji ya bwawa na maji safi ya bomba nusu kwa nusu, pima mchanganyiko huo, kisha zidisha jibu mara mbili.

Ujazo na hesabu

Hesabu yenyewe ni nyepesi, kwa sababu miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Urefu mara upana mara wastani wa kina, vyote kwa mita, unapata mita za ujazo. Wastani wa kina ni kina cha upande wa watoto jumlisha cha upande wa wakubwa, gawa kwa mbili, ikiwa sakafu inateremka sawasawa. Bwawa la umbo la yai zidisha jibu kwa 0.785. La umbo la figo pima upana sehemu tatu au nne, tafuta wastani.

Tuseme bwawa lina mita 8 kwa 4, upande mmoja mita 1 na mwingine 1.8. Wastani wa kina ni 1.4. Ujazo ni 44.8, tuite 45. Kipimo kimeonyesha karibu sifuri na unataka 40. Zidisha 40 kwa 45: gramu 1,800.

Usiziweke zote. Weka gramu 1,350 kwanza, zinazotosha kupanda 30, halafu subiri wiki, pima, umalizie. Ujazo wa bwawa la nyumbani hukadiriwa vibaya mara nyingi kuliko unavyofikiri, na kuongeza kijiko ni rahisi kuliko kumwaga maji uliyoyanunua kwa boza. Pima kwa mizani, hata ya jikoni. Makopo ya "takriban kilo" yaache.

Siku ya kuweka

Chagua wakati. Kuweka stabilaiza katikati ya masika, bwawa likifurika kila jioni, ni kuipeleka mtaroni. Subiri mvua kubwa zipite, au iweke vuli ikikatika, kabla jua la kaskazi halijaanza kuchoma. Maji yawe safi, bila mwani, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Fanya bekiwoshi siku moja kabla, maana baadaye itabidi uipumzishe.

Kuna wanaokoroga stabilaiza kwenye ndoo na kumwaga, wakiona maji meupe wanadhani imeyeyuka. Haijayeyuka. Lita moja ya maji ya kawaida inabeba chini ya gramu 3 za asidi hii. Hizo gramu 1,350 zingehitaji karibu lita 500 za maji. Kinachomwagwa ni chembe zinazozama, zikakaa sakafuni siku nyingi, na kwa kuwa ni asidi zinaweza kuacha mabaka kwenye plasta, kwenye viungo vya vigae au kwenye turubai la bwawa.

Njia ninayoipenda ni soksi. Soksi ndefu ya kiume, ya pamba, safi, isiyotoa rangi. Vaa glavu na miwani ya kinga, na usisimame upande upepo unakoelekea, kwani vumbi lake huwasha macho na koo. Jaza soksi si zaidi ya nusu, funga mdomo kwa kamba, ichovye kwenye ndoo ya maji ya bwawa kwa nusu saa ilowe vizuri. Kisha ining'inize mbele ya tundu linalorudisha maji bwawani, kamba ukiifunga kwenye ngazi au kwenye fimbo iliyolazwa ukingoni, soksi isiguse ukuta wala sakafu. Gramu 1,350 zinaweza kuhitaji soksi mbili tatu.

Washa pampu na uiache ifanye kazi muda mrefu kadiri umeme na bili vinavyoruhusu. Kila baada ya saa chache shuka, ikamate soksi ndani ya maji na uikande. Utaona wingu jeupe likitoka katikati ya nyuzi na kupotelea kwenye mkondo. Mwanzoni soksi ni ngumu kama imejaa kokoto. Baadaye inalegea, unabaki na uji, kisha kitambaa kitupu. Kwenye maji ya pwani yenye joto kazi hii huchukua siku moja hadi tatu. Watoto wakitaka kuogelea kabla haijaisha, itoe soksi uiweke kwenye ndoo, maana watoto na soksi iliyojaa kitu cheupe hawakai pamoja kwa amani.

Wengine huweka dawa moja kwa moja kwenye skima, ule mdomo wa ukingoni unaofyonza maji ya juu, ikavutwa hadi kwenye filta. Inawezekana, na kwenye lebo nyingi imeelekezwa hivyo. Kwetu siipendi. Umeme ukikatika, na utakatika, asidi inalala ndani ya bomba na pampu mpaka utakaporudi. Ukiamua njia hiyo, mimina kidogokidogo na usifanye bekiwoshi kwa wiki nzima, la sivyo unaitoa dawa kwenye filta kabla haijayeyuka.

Jambo la usalama ambalo sitalipunguza makali: usichanganye HTH na TCCA. Si kwenye ndoo moja, si kwa kopo moja la kuchotea, si kwenye skima moja au kifaa kimoja cha vidonge. Zikikutana na unyevunyevu kidogo zinaweza kuwaka moto, kulipuka na kutoa gesi ya sumu. Kila moja iwe na kopo lake kavu na rafu yake. Na kila dawa huingizwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa.

Wiki inayofuata

Endelea kuweka klorini kama kawaida, jioni, wakati jua halina nguvu tena. Siku ya pili pima pH, kwa sababu stabilaiza huiteremsha kidogo. Ikishuka chini ya 7.2, ongeza magadi yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa jina la soda ash, ambayo Kenya huchimbwa Ziwa Magadi. Stabilaiza yenyewe usiipime kabla ya wiki kupita. Utasoma namba ndogo, utaongeza, na mwishoni utakuwa umezidisha.

Baada ya wiki rudia kile kipimo cha klorini cha asubuhi na mchana. Bwawa lililokuwa likianza na 3 na kuishiwa saa nane sasa litafika jioni likiwa na akiba. Hapo ndipo ndoo inapojilipa: kwa bwawa letu la mita za ujazo 45, kupandisha klorini kwa 3 kunakula gramu 210 hivi za HTH ya asilimia 65, na hutakuwa tena ukiziweka mara mbili kwa siku.

Ukipima alikalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, kumbuka kwamba stabilaiza nayo inahesabiwa humo. Toa takriban theluthi ya namba ya stabilaiza. Alikalini ikisoma 90 na stabilaiza ni 60, ya kweli ni 70.

Baada ya hapo, kupima stabilaiza mara moja kwa mwezi kunatosha, na tena baada ya kila mvua kubwa iliyofurisha bwawa.

Ikiwa imezidi

Dawa ya kutegemewa ni kubadilisha maji. Sehemu ya kubadilisha unaipata hivi: gawa namba unayotaka kwa namba uliyonayo, kisha toa jibu kwenye 1. Una 120, unataka 40. 40 gawa kwa 120 ni theluthi, kwa hiyo theluthi mbili za maji ziondoke. Kwenye mita za ujazo 45 hizo ni lita 30,000.

Kabla hujafungua valvu, fikiria ardhi iliyo chini. Kwenye viwanja vya karibu na bahari maji ya chini ya ardhi yako juu, hasa masika, na bwawa lililopunguzwa uzito linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au likainuka. Hapo toa theluthi, jaza, zungusha maji siku nzima, rudia. Kwa namba zetu utatoka 120 hadi 80, kisha 53, kisha 36. Utatumia jumla ya lita 45,000 badala ya 30,000, lakini bwawa litabaki mahali pake. Maji unayotoa yaache siku mbili bila klorini kabla ya kuyaelekeza kwenye bustani. Ukijaza kwa maji ya kisima, yapime chumvi na ugumu kwanza. Visima vingi vya pwani vitakuondolea tatizo moja na kukuachia jingine.

Mtoto mdogo akiharisha bwawani, stabilaiza nyingi inakuwa kikwazo cha moja kwa moja. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, unataka ishuke hadi 15 au chini ya hapo kabla ya kupandisha klorini juu sana kwa ajili ya kuua kriptosporidiamu, kijidudu kinachostahimili klorini kuliko vingine vyote vya bwawani. Kwa bwawa lenye 100 hiyo ni kumwaga karibu maji yote.

Ukishafika kwenye 40, tumia HTH au klorini ya maji kwa siku za kawaida, na vidonge vya TCCA viweke kwa zile wiki unazosafiri na hakuna mtu wa kuangalia bwawa.